Mafuta ya Viazi Yaliyorudi Nyumbani

Uvumi ulimganda mama muuza viazi vya kukaanga kama moshi kwenye nguo: eti kijana mtanashati, Ulimi wa Asali, anauza dawa ya kupozea chuma kinapokatwa. Ukiimimina, chuma kinakatika kama sabuni.

Mumewe alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na kisu cha mashine yake kiliungua kila kukicha. Basi mama, ambaye siku hiyo akili aliisahau jikoni, akamvizia Ulimi njiani.

“Shikamoo, mama! Hii imevuka bahari saba.”

“Marahaba. Sina kitu, mwanangu, ila baiskeli ya mzee.”

“Kwako wewe nitakubali hasara.”

Akaikubali, akaipanda hasara yake, akaenda zake akipiga kengele.

Mume akamimina ile dawa ya kijani. Lo! Kisu kikatulia, chuma kikatoka kinang'aa. Mama akaanza kutamba. Mara moshi ukampiga puani: viazi! Yalikuwa mafuta yake mwenyewe, machakavu, aliyompa Ulimi bure juzi “akapike sabuni”. Kijana kayatia rangi tu.

“Mke wangu,” mume akasema, hajui acheke au alie, “mafuta ya kupikia hupoza chuma kweli. Si ungeniletea kikaangio tu? Sasa kazi za watu nitazipeleka kwa baiskeli gani? Wakihamia kwa fundi mwingine, tutakula hivyo viazi mpaka tuote mizizi.”

Mama akaenda kutafuta pipa. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani.

Ulimi aliporudi na baiskeli ileile kutaka mafuta mengine, alikuta pipa limejaa.

“Lote hili, mama?”

“Lote, mwanangu. Ila mzee anaililia baiskeli yake.”

Ulimi akachovya kidole juu juu, akanusa kama daktari, akaridhika. Akaacha baiskeli, akasukuma pipa kwa mkokoteni hadi karakana kubwa, akahubiri, akamimina. Chuma kikapiga yowe. Chini ya mafuta kiasi cha unene wa kidole, pipa zima lilikuwa maji ya kuoshea vyombo.

Mara ya mwisho alionekana akitimua mbio kwa miguu, mafundi nyuma yake.

Basi, wanangu, epukeni haya:

Dawa inayonuka jikoni kwenu.

Kijana anayekuita mama akitaka kitu chako.

Anayekubali hasara kwa ajili yako.

Kutoa mali ya mumeo bila kumwuliza.

Kuonja pipa juu juu.