Ukoka wa Bibi Udongo

Jumatatu, tarehe 4
Nimepigwa na butwaa. Meneja wa mgodi ametangaza kwamba atakayeotesha ukoka mzuri zaidi ndiye msimamizi wa bustani. Miaka tisa nabeba ndoo ya kumwagilia. Cheo hicho changu. Mpinzani ni mmoja, yule mtaalamu tunayemwita Bibi Udongo. Anapanda kwenye mabaki ya mgodi, unga wa kijivu usioota hata magugu. Eti anachanganya na kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuilisha. Kwangu mkate ukishika kuvu tunautupa. Mimi nimejaza trei yangu udongo mweusi, na mbolea mara tatu ya kipimo.

Jumatano, tarehe 20
Sikuamini macho yangu. Ukoka wake umesimama kama brashi. Wangu umeungua, rangi ya chai. Mke wangu kauliza kama nilisoma maelezo ya mfuko. Nikamjibu hayo ni ya wanaoanza kazi.

Ijumaa, tarehe 22
Wenzangu walipokwenda kula, nilibadilisha vibao vya majina kwenye trei. Juu ya unga wake nikanyunyiza udongo mweusi. Alasiri meneja akanitangaza mshindi. Bibi Udongo alizitazama trei kwa muda mrefu, kisha akanipongeza. Pongezi sikuzitarajia. Mke wangu ameshawaambia dada zake wote.

Jumatatu, tarehe 25
Balaa. Meneja kaniagiza nioteshe ukoka kwenye lundo zima la mabaki, kubwa kama mlima. Bibi Udongo akauliza kwa upole, “Kaka, kuvu wako umewapata wapi?”
Nikasema, “Kwenye mkate.”
Hakuna aliyecheka. Bibi Udongo aling'oa shina moja kwenye trei yenye jina langu. Mizizi ilitoka na unga wa kijivu. Meneja akaniuliza udongo wangu mweusi ulikwenda wapi. Sasa Bibi Udongo ndiye msimamizi. Mimi naosha trei.

Alhamisi, tarehe 28
Bibi Udongo hana kinyongo, jambo lililonishangaza kuliko yote. Amenieleza taratibu kwamba kuvu wale huusaidia mzizi kutafuta maji na chakula, na kwamba wanataka subira. Niliitikia kwa kichwa. Alipogeuka nikachota kikombe kizima cha kuvu wake. Kama wameotesha nyasi kwenye unga wa mawe, upara wangu utawashinda nini? Nimejipaka vizuri, nimevaa kofia. Mke wangu anauliza harufu hiyo inatoka wapi. Nimemwambia asubiri wiki mbili.