Choo cha Ndani na Shimo la Jirani

Jumatatu, 15 Julai

Nenad kapiga simu kutoka Vienna. Wanakuja mwisho wa mwezi, yeye, mkewe Sonja na mjukuu wangu Vukan. Nikauliza, mtalala hapa? Akasema baba usikasirike, Sonja hawezi kumpeleka mtoto kwenye choo cha bustanini, na nyigu wale. Watalala kwa Vitomir. Tena! Vitomir jirani, Vitomir baba wa ubatizo wa Nenad, Vitomir mwenye choo cha ndani, vigae vya buluu, na mdomo wa kukisifia. Kila kiangazi mjukuu wangu analala kwa mtu mwingine, mimi naletewa saa ya kahawa nimtazame. Roho inaniuma. Basi! Choo cha ndani, mwaka huu huu.

Jumatano, 17 Julai

Tumekwenda mjini kuchagua. Stanka, mke wangu, anataka kile cha kuning'inia ukutani. Nikamwuliza anataka kukalia picha? Nimechukua cha kizamani, chenye kibao ndani cha kupokea haja, mtu aone kwanza afya yake ndipo avute maji. Muuzaji akasema siku hizi hakuna anayekitaka. Ndiyo maana dunia imejaa wagonjwa! Akauliza shimo la maji taka nimechimba la ukubwa gani. Shimo? Nikamjibu: kubwa.

Njia nzima Stanka kaniuliza: shimo lipi?

Jumamosi, 20 Julai

Nimepiga sururu bustanini. Mwamba mtupu. Mgongo umegoma. Nikakaa kivulini na glasi ya rakia, pombe yetu ya matunda, nikatazama ng'ambo ya uzio. Mfuniko wa shimo la Vitomir, pale pale karibu. Shimo pana, na wanaolitumia ni wazee wawili. Nafasi inapotea bure! Wenyewe wamekwenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu magoti. Ufunguo wa geti wametuachia sisi, tuwamwagilie nyanya. Bahati gani hii!

Alhamisi, 25 Julai

Kazi imekwisha. Bomba limepita chini ya uzio, limeingia shimoni mwa Vitomir, udongo umerudi, nyanya zimesimama juu yake kama hakijatokea kitu. Stanka anasema ni aibu. Anasema pia nyumba yetu iko chini kuliko yake, shimo likijaa uchafu utakwenda wapi? Nikamwambia ashughulike na sufuria zake. Nikavuta maji mara ya kwanza. Shwaaa! Nikavuta tena. Nikamwita aje asikilize. Hakuja. Mwanamke ana wivu na choo!

Jumatano, 31 Julai

Wamefika! Sonja alikagua kila pembe, akakitazama kile kibao kwa muda, akasema kumbe baba umejitahidi. Mizigo ikaingia kwangu! Vukan anavuta maji kila anapopita, anacheka peke yake. Leo analala kwenye chumba alichokulia baba yake.

Vitomir kaja, uso umekunjamana. Kaniuliza shimo nilichimba lini. Nikamwambia yeye akiwa kwenye maji moto. Peke yako, jirani? Peke yangu. Na mgongo ule? Nikasema mapenzi ya mjukuu. Nilisema vizuri hadi machozi yakanilenga.

Ijumaa, 2 Agosti

Siku ya Mtakatifu Eliya, mlinzi wa ukoo wa Vitomir. Ukoo wote ulijaa uani kwake, nasi tukiwemo. Kwa kuwa ni Ijumaa hakuna nyama. Samaki, na maharage ya tanuri, sinia juu ya sinia! Sikuweza kumeza. Macho yangu kwenye mlango wa choo chake. Anatoka huyu, anaingia yule. Kwani kwao hakuna vyoo? Nikamsihi shangazi yake Vitomir ajizuie kidogo. Akaniita mlevi.

Vukan alikwenda nyumbani kuchukua mpira. Akarudi mbio, akapaza sauti mbele ya wageni wote: Babu, njoo, choo chako kinatapika!

Kilitapika kweli. Ukumbini, chumbani, hadi chini ya kitanda cha mtoto. Vitomir akaja na viatu vya mpira, akasukuma maji bega kwa bega na mimi. Akasema pole jirani, shimo lako ni dogo. Angalia langu, ukoo mzima umeingia na halijajaa! Nikasukuma maharage yake. Sonja akachukua mto wa Vukan, wakaondoka.

Jumapili, 4 Agosti

Vukan yuko kwa Vitomir. Asubuhi alinipungia mkono dirishani. Nikampungia, nikaingia ndani, nikalia. Nenad anasema mwakani baba usijisumbue. Usijisumbue!

Nimefikiri sana. Bomba halina kosa. Kosa ni la Vitomir, ana ndugu wengi na wanakula mno. Mjane wa padri wetu wa Kiorthodoksi, hapo upande wa pili, anaishi peke yake. Mkate kipande na chai, basi. Ndugu zake wamekwisha, kabaki dada mmoja tu. Shimo lake liko tupu, mama wa watu hajui hata la kulifanyia. Septemba anakwenda kwa dada yake.

Nimemwambia Stanka aoke mkate wa jibini tumpelekee. Kaniuliza kuna nini. Nikasema ujirani mwema tu, na aulize nyanya zake zitamwagiliwa na nani.