Mara Arobaini na Moja Juu ya Kuku wa Bi. Hobbs

Alhamisi, 16 Oktoba

Zimebaki siku kumi na tisa tumchague diwani, na silali vizuri. Bi. Ludlow akishinda, baraza la mji litaufunga uwanja wa ndege wa Tamarack na kujenga nyumba na bustani. Bwana Fitch akishinda, uwanja utabaki. Wengine wanaona ni suala la bajeti. Mimi naona ni suala la Babu Emil. Tangu Bibi Ludmila afariki, Babu hatoki nyumbani ila kwenda banda namba saba kukifuta vumbi kindege chake cha viti viwili. Uwanja ukifungwa, atakiuza. Akikiuza, atakaa kwenye kile kiti cha dirishani mpaka afanane nacho.

Leo Prescott Ludlow, mtoto wa mgombea na mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, amenisimamisha kwenye ngazi za shule. Akaniuliza kama ni kweli babu yangu ndiye rubani, abiria na washangiliaji wa uwanja mzima. Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia saa mbili baadaye, katikati ya kemia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepata njia. Maktabani nimesoma kumbukumbu za vikao vya baraza, kurasa sitini na nne. Sidhani kama kuna mwingine aliyezifungua. Kesho mji unamtuma mtu kuhesabu ndege zinazotua na kupaa, ili takwimu zitumike kwenye mdahalo wa wagombea. Wanatarajia sita. Lakini rubani wa mazoezi, akigusa ardhi na kupaa tena bila kusimama, anahesabiwa mara mbili kwa kila mzunguko. Kanuni ni yao. Mimi nimeisoma tu.

Nimemwambia Babu nina kazi ya fizikia kuhusu upepo na kutua, nahitaji data nyingi. Akauliza nyingi kiasi gani. Nikasema kadiri mafuta yatakavyoruhusu. Hakuuliza zaidi, akaenda kutafuta kofia yake ya urubani. Nilijisikia vibaya kwa dakika kama tatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ushindi! Mhesabuji alikuja na kiti, kidude cha kubofya na gazeti la mafumbo. Mafumbo hakuyagusa. Babu alizunguka mara arobaini na moja. Hesabu: themanini na mbili, bila kutaja nne za marubani wengine wawili waliotua na kupaa kwa bahati mbaya. Kila alipopita Babu alinipungia mkono. Ilipofika saa tano mhesabuji alikuwa anabofya kwa kidole gumba cha mkono wa pili.

Kasoro mbili ndogo. Njia ya kuzungukia inapita juu ya nyumba ya jirani yetu Bi. Hobbs, ambaye alikuwa hajaamua ampigie nani kura, na ambaye anafuga kuku. Halafu inapita juu ya bustani ya kanisa, ambako Bwana Fitch, mgombea wetu, alikuwa akihutubia. Waliokuwepo wanasema alionekana kuwa na mengi ya kusema.

Jumapili, 19 Oktoba

Bi. Hobbs amekuja na trei tupu ya mayai.

“Emil, kuku wangu wako chini ya gari tangu jana, hawataki kutoka. Ulikuwa unatafuta nini huko juu? Miwani?”

Babu akaomba radhi, akasema ilikuwa sayansi. Bi. Hobbs akauliza sayansi ya nini. Wote wakanitazama. Nikasema upepo. Bi. Hobbs akasema yeye upepo anaujua, na ule haukuwa upepo.

Jioni nimeona bango la Bi. Ludlow limechomekwa kwenye nyasi za Bi. Hobbs, katikati ya maboga.

Jumatano, 22 Oktoba

Mdahalo, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Watu huandika maswali kwenye kadi na kuyatia kikapuni. Niliandika swali langu kwenye kadi sita kwa miandiko sita, mmoja wa mkono wa kushoto. Msimamizi akasema kwa kuwa swali hili limeulizwa na watu wengi, ataanza nalo: Bi. Ludlow, utafungaje uwanja unaotumika mara themanini na sita kwa siku?

Bi. Ludlow akamshukuru kila aliyeuliza. Akasema amezunguka mji mzima akidai uwanja hautumiki, kumbe alikosea. Unatumika mno. Akauliza: nani aliisikia ndege Jumamosi? Ainue mkono.

Ukumbi mzima uliinua. Bwana Fitch aliinua. Babu pia aliinua, maana aliisikia.

Kisha Babu akasimama. Akasema karibu ndege zote zile zilikuwa moja tu, yake, na kwamba mjukuu wake alihitaji namba za shule. Akamwomba radhi Bi. Hobbs, na kupitia kwake, kuku.

“Ila sitawadanganya,” akasema. “Tangu Ludmila aondoke, hiyo ndiyo siku ya kwanza nimesahau chakula cha mchana kwa furaha.”

Prescott alikuwa mtunza muda. Alisahau kuinua kadi nyekundu. Bi. Hobbs alitafuta leso mkobani kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa chini ya kiti nikitafuta kalamu ambayo haikupotea.

Garini Babu aliuliza nimepata alama ngapi za ule upepo. Nikasema mwalimu hajasahihisha. Akasema akisahihisha nimwambie. Kisha akaanza kupiga mluzi.

Jumanne, 4 Novemba

Bwana Fitch ameshinda kwa kura kumi na saba. Bi. Hobbs aling’oa lile bango wiki iliyopita. Leo amemwambia Babu akitaka kuzunguka azungukie upande wa mto, halafu aje ale mayai, yakianza kupatikana.

Mji mzima unasema ni maneno ya Babu yaliyogeuza kura. Hata Prescott amesema hivyo, tena kwa upole. Sikubishana. Watu hawasomi takwimu. Mimi najua kilichotupa ushindi: themanini na mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Baraza sasa linataka kupunguza saa za maktaba. Wanasema haina watu. Mlangoni kuna kidude kinachomhesabu kila anayeingia.

Nimemwambia Babu nina kazi ya biolojia kuhusu goti la mtu mzima. Ameshaingia mara kumi na tisa. Mkutubi amemuuliza kama amepoteza kitu. Babu amesema hapana, ni sayansi, kisha akamshikia mlango Bi. Hobbs, ambaye yuko kwenye mzunguko wake wa kumi na mbili.