Benchi la Nyuma ya Zahanati

Jumatatu, 3 Machi
Nyuma ya zahanati kuna benchi moja lenye kivuli na upepo. Hapo ndipo ningejilaza baada ya chakula cha mchana, maana chumba ninachoonea wagonjwa ni tanuri. Lakini fundi jirani, yule wa kuchomelea mageti, hulikalia mchana kutwa akivuta sigara. Kumfukuza siwezi, ni mgonjwa wetu wa presha. Kumwachisha sigara naweza. Mimi ni tabibu, maneno ninayo. Asiyevuta hana shughuli na benchi. Mpango safi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza habari ya mapafu. Akasema anaijua, mkewe humwimbia kila asubuhi. Nikahamia kwenye moyo. Akasogea, akanikaribisha nikae. Moshi wote puani kwangu, usingizi hakuna. Sista, muuguzi tunayefanya naye kazi, akaniuliza tangu lini nina huruma na wavuta sigara, wakati semina ya kuwasaidia niliikwepa kwa kisingizio cha jino. Nikamjibu ni wito. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 12 Machi
Nimebadili mbinu. Vitisho basi. Nimemuuliza tu sigara ipi ni ngumu kuiacha. Akasema ile ya baada ya kazi, mikono inapoanza kutetemeka. Tangu amzike kaka yake haijatulia. Nikampa chingamu iliyokuwa mfukoni, nikamwambia apite kwangu kila mchana tuone anaendeleaje. Kwa nini nilisema mchana, sijui. Mchana ndio saa yangu ya kulala.

Ijumaa, 21 Machi
Ameacha. Presha imeshuka. Mkewe kaja kunishukuru, kanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, ananiita mwanangu. Nikajifuta macho. Vumbi, bila shaka. Daktari mkuu akaniuliza mbele ya wote ni nini hasa kilichonisukuma, ili na wengine waige. Nikasema ni afya ya jamii. Sista akapatwa na kikohozi cha ghafla.

Jumatatu, 24 Machi
Leo nimekwenda benchini na mto wa kulalia. Fundi yuko palepale, anatafuna chingamu. Pembeni yake shemeji yake na mafundi wenzake wawili, wote wavutaji sugu. Alikuwa anawaambia, "Kaeni hapahapa mumsubiri. Huyu dokta akikushika hakuachii." Benchi limejaa mwanzo hadi mwisho. Nikasimama juani, mto kwapani, nikiwauliza mmojammoja ni sigara ipi inayomsumbua. Shemeji mtu alizungumza mpaka wagonjwa wa jioni wakaanza kuja.

Hakuna kilichoharibika. Mpango ni uleule, unahitaji marekebisho kidogo tu. Kesho naanza kuwashauri juu ya madhara ya kukaa sana.