Kocha wa Siku Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nina miaka sabini na tisa. Nimedumu kuliko njaa ya themanini na nne, punda wanne, daktari aliyesema sitafika Krismasi (yeye ndiye ambaye hakufika), na makocha saba wa Matinyani Shujaa, timu yetu ya mpira. Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akaona inatosha.

Leo nimeudhika.

Klabu inatimiza miaka hamsini. Ahmednur, mwenyekiti wetu, yule muuza mbuzi aliyekuja soko la hapa kwa wiki moja na sasa amekaa miaka ishirini, amenunua rangi. Ukuta wa chumba cha wachezaji unaandikwa majina ya makocha wote na miaka waliyoimaliza. Anayeandika ni Ndinda, msichana wa mabango ya maduka. Nimeenda kusoma. Nimesoma kutoka juu. Nimesoma tena kutoka chini, labda jina langu liko upande huo. Halipo! 1990 Kaveke. 1992 Mbuvi. Katikati, mwaka 1991, pako peupe kama jino limeng'olewa.

Mwaka 1991 kocha alikuwa mimi. Nzomo. Kaveke alitoroka, ikabaki mechi moja, nikashika timu. Siku kumi na mbili. Kocha ni kocha.

Nimemwambia Ndinda aniandike. Akasema yeye anaandika anachopewa. Nimemwendea Ahmednur. Akanikalisha, akanipa chai ya maziwa ya mbuzi, akaniita mzee wangu, halafu akakataa. Ati faili za klabu zililiwa na mchwa, kwa hivyo sheria ni moja kwa kila mtu: mashahidi wawili waliokuwepo, waseme mbele ya watu Jumamosi, siku ya sherehe. Wawili tu! Nitaleta ishirini.

Halafu Jumapili tunacheza na Kathonzweni. Tukishindwa tunashuka daraja. Hayo ni mambo ya Jumapili. Mimi nina shida ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimehesabu waliokuwepo 1991. Wengi wamelala makaburini. Mmoja yuko Mombasa na hataki kusikia habari ya mpira. Mmoja yuko hai kabisa, lakini huyo ni Mutie, na Mutie tutamwacha kando kwanza.

Nikajaribu mke wangu, Mbinya. Ahmednur akasema mke hahesabiwi, anakula chungu kimoja na mimi. Mbinya akasema hata angehesabiwa asingesema. Akaniambia, Baba Ndunge, mwaka huo uache ulale. Mwanamke huyu ana kumbukumbu nzuri mno. Ni ugonjwa.

Nikampigia simu Kyule, winga wetu wa zamani, siku hizi anauza mihogo huko Salama. Nikamuuliza kama anamkumbuka kocha wa mechi ya mwisho 1991. Akasema anakumbuka alicheza na kiatu kimoja. Nikamuuliza kuhusu kocha. Akasema kiatu kilikuwa cha kushoto. Nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mwishowe akakumbuka mtu mwenye kofia, anapiga kelele. Nikamwambia nina kofia. Akasema na kelele ni hiyo hiyo. Atakuja Jumamosi.

Shahidi mmoja! Nilijua hii kazi ni rahisi.

Jumatano, 5 Novemba

Kutwa nzima barazani kwa Ahmednur. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, hakuna aliyekwenda shamba, kila mtu akaja kusimulia makocha.

Wakamsifu mwalimu Mwangangi, aliyekuwa akiomba kabla ya mechi mpaka refa analala. Mimi nikasema timu yake ilifunga magoli manane mwaka mzima, Mungu alikuwa amechoka. Wakamsifu Kaveke kwa mazoezi makali. Mazoezi gani! Aliwakimbiza vijana kutoka mtoni mpaka kwake, kila mmoja na mtungi wa maji kichwani. Tangi lake lilipojaa akaacha ukocha, tukabaki mkiani. Wakamsifu Mbuvi, ambaye hakuwahi kumtoa mchezaji uwanjani kwa sababu aliogopa mama zao. Kipa wake aliwahi kucheza na mkono uliovunjika. Mama yake alikuwa mkubwa sana.

Nikangoja wafike 1991. Wakafika. Lakini hakuna aliyeuliza kocha ni nani. Wote walimgeukia Mutie.

Mutie alikuwa kipa siku hiyo. Tulihitaji sare tu na hao hao Kathonzweni, hapa hapa nyumbani. Kipindi cha pili nyuki wakatokea, hakuna ajuaye kutoka wapi, wakamvamia golini. Mutie akaruka uzio, akakimbia mpaka kwenye dipu ya ng'ombe, lile shimo la dawa ya kupe, akaingia mzima mzima. Kathonzweni wakapiga mashuti kutoka mbali. Goli lilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumanne. Tatu bila. Tukashuka, tukakaa huko chini miaka tisa. Tangu siku hiyo Mutie anaitwa Dipu. Hata leo kijana wa bodaboda alipita akamsalimia, shikamoo Mzee Dipu, na hakuwa na nia mbaya. Hajui jina lingine.

Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza kama Jumapili atakuja na taulo. Mutie akachukua kijiko. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Mimi niliangalia mvua.

Baadaye nikamuuliza taratibu kama anakumbuka kocha wa siku ile. Akaweka kikombe chini. Akasema umri umemla kichwa, hakumbuki chochote. Mwongo! Anakumbuka mpaka rangi ya punda wangu wa kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamua kutosubiri mashahidi. Saa saba mchana, kila mtu akila, nikaenda na ngazi na rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti langu. Nikaanza kuandika juu ya majina yote, kocha mkubwa akae juu. Herufi zangu ni kubwa, zina nguvu. Nikafika NZOM nikakutana na dirisha. O haikuwa na pa kukaa. Nikaiandika kwenye kioo.

Ndinda akatokea na sahani yake ya githeri. Hakupiga kelele. Akala mpaka akamaliza, akitazama. Halafu akasema, babu, hiyo O mtu akifungua dirisha inaondoka. Kweli akafungua dirisha, ikaondoka. Akapaka chokaa juu ya zilizobaki. Akaniomba nishuke, ngazi yangu imeoza. Nikamwambia ngazi hii nimeipanda tangu kabla mama yake hajazaliwa. Ndipo ikavunjika.

Goti limevimba. Mbinya amelipaka dawa bila kusema neno, ndivyo anavyofanya akitaka nisikie vizuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Hakuna njia nyingine. Nimeenda kwa Mutie nikichechemea. Mtu haendi kumwona mwenzake mikono mitupu, nikambebea chupa ya asali, ile nzuri ya maua ya mvua, kutoka mizinga yangu mwenyewe. Nina mizinga kumi na minne. Hakuna mtu Matinyani mwenye asali kama yangu.

Mutie akaipokea, akaishika juu, akaangalia jua kupitia asali. Akauliza kama hii ni ya watoto au wajukuu wa wale walionimaliza. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia. Akasema siku ile, kabla nyuki hawajatoka, aligeuka akaniona kando ya uwanja nina kamba mkononi. Kamba imeenda mpaka kwenye mti ule wa mgunga nyuma ya goli la upande wa kanisa. Miaka thelathini na minne amejiuliza kocha alikuwa anafuga mbuzi gani juu ya mti.

Basi niandike, daftari halina mdomo. Ni mimi niliyepandisha mzinga kwenye mti ule. Asubuhi mapema, nimeufunika na leso ya Mbinya. Mpango ulikuwa safi: kipa wa Kathonzweni anasimama golini, mimi navuta kamba, kizibo kinatoka, nyuki wanafanya kazi. Nilivuta dakika ya arobaini. Lakini kulikuwa na baridi, wale nyuki ni wavivu, walikaa kwanza wafikirie. Walipotoka, mapumziko yalikuwa yamekwisha na timu zimebadilisha pande. Sikuwa nimefikiria habari ya kubadilisha pande. Nani angefikiria?

Nikamwambia Mutie tuyaache, sisi ni wazee. Akasema sawa, tuyaache, na ukutani pia tukuache. Halafu sauti yake ikapinda. Akasema mke wake amezikwa watu wakimwita mke wa Dipu. Wiki jana mjukuu wake alirudi kutoka shuleni na shati limeraruka, alipigana kwa sababu ya jina hilo. Akasema hataki asali. Anataka niseme mbele ya watu, kwa mdomo wangu, na yeye atasimama aseme ndiyo, huyu ndiye alikuwa kocha.

Nikafikiri nikiwa njiani. Nikisema, watu watajua nani aliwashusha daraja. Nisiposema, ukuta utabaki mweupe na nitakufa kama mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha.

Kwa kweli sikufikiri sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku kubwa! Hema, viti vya kanisa, wali na nyama ya mbuzi ya Ahmednur. Watu kutoka Kitui mjini mpaka Makueni. Kyule alifika na mihogo, akasema anamtambua mtu mwenye kofia. Shahidi wa kwanza.

Nikasimama. Nikavua kofia, nikaivaa tena ili Kyule asichanganyikiwe. Nikasema yote: mzinga, kamba, leso, dakika ya arobaini. Nikaeleza vizuri ili vijana wajue ukocha si kupuliza filimbi tu, ni akili. Nikasema Mutie hakukimbia kwa uoga, nyuki wangu walikuwa wakali sana, hata simba angeingia dipu.

Vijiko vikasimama. Nikasikia mtu akitafuna. Halafu mama mmoja nyuma akasema, kumbe ni wewe! Miaka tisa! Kofia yangu ikapigwa na kipande cha muhogo. Namjua aliyerusha. Mwenyekiti akainua mkono, watu wakatulia.

Mutie akasimama. Aliinuka polepole, akanyoosha koti. Akasema, ndiyo, mimi Mutie wa Kavuli nilikuwa kipa, na kocha wangu alikuwa Nzomo, na Mungu amsamehe kwa sababu mimi bado. Watu wakapiga makofi mpaka hema likatikisika. Yule kijana wa bodaboda akaja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Mzee Mutie. Mutie akatoa kitambaa. Alisema ni vumbi. Mvua imenyesha wiki nzima, hakuna vumbi. Hata mimi vumbi hilo lilinifikia kidogo, goti lilikuwa linauma.

Ndinda akachukua brashi. Mbele ya watu wote akaandika: 1991, NZOMO. Ahmednur akasema ukuta ni wa ukweli, akamwambia aongeze. Akaongeza: NYUKI. TUKASHUKA.

Maneno matatu! Kaveke ana moja. Mwangangi, pamoja na sala zake zote, ana moja.

Ahmednur alinishika bega akaniuliza, mzee wangu, lakini umejifunza? Nikamwambia, sana.

Jumapili, 9 Novemba

Saa tano asubuhi. Naandika kabla ya mechi kwa sababu baadaye nitakuwa na shughuli ya kupongezwa.

Nimeenda kuangalia jina langu mara nne. Rangi imekauka vizuri.

Tunahitaji sare tu, kama 1991. Vijana wetu wanatetemeka, kocha wao ana karatasi yenye mishale na hana kitu kingine. Mtu ambaye jina lake liko ukutani hawezi kukaa akaangalia tu. Usiku wa jana nimefikiria kosa langu, maana mimi ni mtu wa kukubali makosa. Kosa lilikuwa moja: mzinga mmoja. Timu zinabadilisha pande! Kwa hivyo leo kuna mizinga miwili. Mmoja kwenye mgunga wa upande wa kanisa, mmoja nyuma ya goli la upande wa kinu cha posho. Kipa wa Kathonzweni asimame anapotaka. Kamba zote mbili zinafika kwenye kiti changu, na nitazivuta kwa pamoja nisipoteze muda kuchagua. Jua ni kali leo. Hawatachelewa.

Mbinya amehesabu mizinga nyumbani, akauliza mbona iko kumi na miwili. Nimemwambia miwili imeenda kanisani. Si uongo. Mmoja uko karibu kabisa. Amekwenda kutafuta leso zake.

Aliye na shaka na haya niliyoandika amuulize Kyule, alifika na kiatu chake. Amuulize Ahmednur. Zaidi ya wote amuulize Mutie. Leo watu wamemheshimu, wamemtengea kiti chenye mto nyuma ya goli la upande wa kanisa, pale kwenye kivuli cha mgunga. Nimempungia mkono, akanipungia. Hakuna atakayeona vizuri kuliko yeye.