Inchi Mbili za Mbele Zilizoinuliwa Bila Ridhaa ya Nyuma

Bondeni, Mombasa
Alhamisi, baada ya Adhuhuri

Kwa Ami yangu mheshimiwa, Ami Kamaludin, Malindi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta umeketi, kwa kuwa yaliyomo si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Sisi huku hatujambo, isipokuwa upande wa nyuma.

KUH: PIKAPU YA MAREHEMU BABA

Utakumbuka, Ami, siku uliyotugawia mirathi. Nyumba ya Kuze haikukusumbua, maana ina vyumba. Pikapu ndiyo iliyokutoa jasho. Hakuna aliyekubali iuzwe, kwa sababu ndani mlikuwa bado mnanukia Baba, udi na petroli kwa pamoja. Ukaitungua kalenda ya msikiti ukutani, ukaigeuza, ukachora mstatili na duara nne. Kwanza ukamtolea Mama thumni yake, moja katika nane, ukampa kiti cha abiria cha mbele. Kilichobaki ukakigawa kwa shokamzoba, zile za kumeza mtikisiko magurudumuni, kwa vile ziko nne, na sisi ni mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili: Khubaib mbili za mbele, mimi ya nyuma kushoto, mdogo wangu Fadhiya ya nyuma kulia. Sote tukasema hewala. Injini ikaachwa iwe ya shirika. Usukani haukutajwa, na Khubaib akaukalia siku ileile.

Miaka miwili tumekaa kwa amani, kila mtu juu ya shokamzoba yake. Siku za kazi Khubaib huwabebea watu makabati na magodoro. Mwisho wa wiki hunipelekea masufuria yangu ya biriani harusini. Amani hiyo imevunjika mwezi uliopita, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hatukushauriwa. Khubaib aliipeleka pikapu kwa Fundi Mutunga, ambaye gereji yake iko mtaa wa pili kutoka kwangu, ili achague shokamzoba mpya. Nasikia alichukua siku tatu. Hata mchumba alimchagua kwa siku moja tu. Aliambiwa za mafuta ni laini na za gesi ni kakamavu, akazibonyeza moja moja kwa kiganja akiwa amefumba macho. Mwishowe akatwaa za gesi, ndefu kidogo kuliko zile za zamani, pamoja na vipande vya chuma vya kuketi juu ya springi ili mbele iinuke inchi mbili. Fundi, ambaye ni mtu wa haki, alimshauri abadilishe zote nne kwa pamoja. Khubaib akamjibu kwamba za nyuma si zake. Hilo ni kweli, na ndilo lililoniudhi zaidi. Shokamzoba yangu inavuja mafuta tangu Ramadhani, lakini imestahimili bila kumsumbua mtu, ila kwenye matuta.

2. Mteremko. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza Fundi Mutunga kama kuna dhuluma katika jambo hili. Alinieleza kwa upole kwamba mbele ilikuwa imelala kwa sababu ya lile bampa la chuma alilotia Baba, na kwamba sasa gari likiwa tupu limekaa sawa kama sinia. Nikamwambia mimi sipeleki harusini gari tupu. Likipakiwa, nyuma inakwenda chini, mbele inatazama mbinguni, na kila kilichomo kinakuja kwetu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na sufuria ya masala ya kulisha watu mia mbili. Tulipofika, robo yake ilikuwa imemwagika, na yote ilikuwa kwenye pembe ya kushoto, yaani pembe yangu. Kwa Fadhiya halikwenda hata tone, naye akasema mbele ya watu kwamba ni bahati yake. Tangu hapo sisemi naye.

Hapa nina swali la kisheria, Ami. Mtu akiinua fungu lake hadi mzigo ukateremkia fungu la mwenziwe, je, mafungu bado ni yaleyale? Mimi naona Khubaib sasa anamiliki hewa zaidi na mimi namiliki uzito zaidi.

3. Taa. Pikapu ikirudi wakati wa Maghrib, taa zake haziangazi tena njia. Zinaangaza dirisha la ghorofani la Bi Mahira, jirani wa Mama, ambaye hajawahi kumkosea mtu. Amelazimika kushona pazia jipya zito. Tukikutana sokoni sasa haniulizi hali yangu. Huniuliza kama taa zetu hazijambo.

4. Tabia. Khubaib mwenyewe ameinuka. Huwasalimu watu kwa kidevu. Amejifunza maneno ya nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, na huyasema hata wakati wa kula. Nilipomuuliza haja ya inchi hizo mbili ni nini, aliniambia ni matuta, kisha akaangalia pembeni. Mimi nimezaliwa hapa, Ami. Kati ya Kuze na Makadara hakuna mto wa kuvuka wala jabali la kupanda. Mtu akikudanganya jambo dogo hivyo, unajiuliza na makubwa.

5. Thumni ya Mama. Haya yote ningeyameza. Hili limenikaa kooni.

Wajua kwamba kila Ijumaa baada ya Alasiri Baba alikuwa akimpeleka Mama kule ufukweni Mama Ngina. Alikuwa akisimamisha gari ubavuni mwa ule ukuta wa bahari, upande wa Mama, wakinywa madafu mle mle garini mpaka jua lipoe. Khubaib aliendeleza desturi hiyo, na kwa hilo nilikuwa nikimwombea dua. Lakini siku pikapu iliporudi kutoka kwa fundi nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Mama aliinua mguu, haukufika. Akajaribu tena, haukufika. Unajua kimo chake, ndicho alichonirithisha mimi. Akacheka kidogo, akarudi ndani, akavua buibui lake. Mimi nikaondoka kwa hasira na sijarudi Kuze tangu siku hiyo, wiki ya tatu sasa. Nikimpigia simu huniambia yuko sawa, basi, na kuniuliza kama nimekula.

Mwanamke amepoteza mume, akabakishiwa kiti, na sasa kiti chenyewe kimepandishwa asikifikie. Ikiwa hilo si kumla mjane haki yake, sijui ni nini.

6. Kibao changu cha mbuzi. Hili ni dogo lakini naliandika kwa kuwa kalamu iko mkononi. Kibao changu cha kukunia nazi nilikiacha kwa Mama. Nimetuma mara mbili kiletwe, mara mbili nimejibiwa kwamba kinatumika. Mama hajakuna nazi tangu mwaka jana. Ananunua tui la pakiti. Kwa hiyo sasa tumefikia hatua ya vitu kupotea.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima mambo mawili, uchague mojawapo. Ama Khubaib ateremshe mbele mpaka ilipokuwa siku ya mirathi, ama gari likatwe katikati, nyuma kidogo ya viti, kila mtu achukue lake. Fundi Mutunga nimeshamuuliza. Akaniambia, "Dada, kukata naweza, lakini nusu yenu haitakuwa na injini." Nimemwambia tutaisukuma wenyewe.

Nakuomba uje uitishe kikao kabla ya mwisho wa mwezi. Njoo na ile kalenda.

Nisalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mwambie mkeo ile achari ya embe aliyoniletea imekwisha na chupa nimeiosha. Nisalimie pia yule paka wenu mwenye jicho moja, kama bado yupo.

Mimi binti yako mtiifu, niliyeelemewa,
Nasiha
Mwenye Shokamzoba ya Nyuma Kushoto

Tanbihi, Ijumaa usiku: Ami, usije. Yaani njoo ukipenda, kwa kula, lakini kikao usiitishe. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeiandika vizuri na sina karatasi nyingine.

Leo Alasiri niliichukua mpaka Kuze ili Mama naye atie sahihi, akiwa ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Nilimkuta mlangoni na buibui lake. Khubaib alikuwa ameinama kando ya pikapu, anaweka chini kibao changu cha mbuzi, kile chuma chake amekikunja na kukifunga kitambaa. Mama akakanyaga kibao, akashika bega la mwanawe, akapanda. Kumbe wamefanya hivyo kila Ijumaa.

Nilimsomea barua yote akiwa kitini. Alisikiliza mpaka mwisho, hata la paka. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma. Kutoka kiti hiki nilikuwa naona ule ukuta wa bahari tu. Babako alikuwa mrefu, kila kinachopita alikuwa akinambia. Sasa hakuna wa kunambia, nikataka nione mwenyewe. Nikamwambia Khubaib asiseme, naona haya, mtu mzima kama mimi."

Khubaib aliangalia pembeni, kama ile siku ya matuta. Nilimwomba radhi, lakini si kwa sauti kubwa.

Walitaka nikae kati yao mbele. Nilikataa, maana sikuwa tayari kushindwa kiasi hicho. Nikapanda nyuma, nikaketi sakafuni kwenye pembe yangu ya kushoto, juu ya shokamzoba yangu, tukaenda Mama Ngina. Khubaib alisimamisha gari ubavuni mwa ukuta akaenda kutafuta madafu. Kutoka nilipokaa, Ami, niliona mawe na chokaa na juu yake mbingu, si kingine. Nadhani Mama alinitazama katika kioo cha pembeni, kwa sababu aliteremsha dirisha lake.

Akaniambia kuna meli inaingia. Ina makontena mekundu mbele na ya kijani nyuma, na kuna mtu amesimama juu kabisa, amevaa kofia ya manjano, anapunga mkono.