Salamu Mbele ya Geti la Kijani

"Ofisi ya Utulivu wa Mtaa ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba vita dhidi ya dawa za kulevya vimekwisha kwa ushindi mkubwa, na kwa sababu hiyo ni marufuku kuendelea kupigana!"

Afisa Utulivu alimaliza kusoma, akashusha kipaza sauti, akasubiri makofi. Hayakuja. Nje, mbele ya geti la kijani, akina mama walikuwa wameketi kama kawaida yao: msusi na kichwa cha mtu magotini, muuza mkaa na gunia lake, na fundi cherehani, aliyeanzisha balaa lote hili.

Fundi alihamia pale siku alipomwona mdogo wake wa kiume akiingia getini humo na saa ya marehemu baba yao, akatoka bila saa. Hakupiga kelele. Aliketi tu akashona, na kila aliyelikaribia geti alimsalimia.

"Mwanangu, hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie tumeonana hapa hapa."

Nani angeingia baada ya hapo? Vijana waligeuza. Baba mmoja mwenye suti alidai amepotea njia, kwenye mtaa aliozaliwa. Mdogo wake fundi naye sasa alishinda kando ya dada yake akikata nyuzi. Nyingine alizikata vibaya, lakini alikuwepo.

Hapo ndipo Ofisi ilipoingiwa na wasiwasi.

"Mama zangu," alisema Afisa kwa upole wa kiserikali, "salamu ndefu zinahitaji kibali. Mnazuia wateja."

"Wateja wa nini, baba?" fundi aliuliza. "Si umesema dawa zimekwisha?"

Afisa alipekua tangazo lake. Kwenye semina waliyopewa na Ofisi swali hilo halikuwepo.

"Wateja kwa ujumla," alijibu.

"Basi na sisi tunawasalimia kwa ujumla."

Msusi alicheka mpaka mstari wa nywele ukaenda upande. Afisa akaona mambo yamemzidi kimo, akampigia Mkuu wake.

Mkuu alikuja na waandishi wa habari, maana hakuwa mtu wa kutatua jambo bila kamera.

"Hii ni nyumba ya raia wema!" alitangaza. "Naingia mwenyewe nikawape moyo."

Akaingia. Geti likafungwa. Waandishi walisubiri mpaka wakaanza kuegemea ukuta. Kisha simu ya Afisa ikaita.

"Wale mama wameondoka?" Mkuu alinong'ona.

"Wameongezeka, Mkuu."

"Mlango wa nyuma je?"

Afisa alizunguka, akachungulia, akarudi ametulia.

"Mdogo wake fundi ameshapeleka kiti huko, Mkuu. Kijana anajua kusalimia, nisimnyime haki yake."

Hatimaye geti lilifunguka. Mkuu alitoka akijifuta jasho, tai imepinda. Kamera zote zikainuka. Fundi alisimamisha cherehani, akanyanyuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mkuu," alisema, kwa sauti ya kuwafikia hata walioko nyuma. "Nyumbani hawajambo? Mama watoto je? Umepata, au na wewe umekosa?"

Mkuu alikuwa akilitafuta gari lake kwa macho. Akili haikuwa nyumbani.

"Marahaba, mama," alijibu upesi, kama wanavyojibu wote wanaotaka kupita. "Nimekosa. Nitarudi kesho."

Msusi aliziba mdomo kwa kitana. Waandishi walisogeza vipaza sauti karibu zaidi.

"Karibu sana, baba," fundi alisema, akaketi. "Tutakuwepo."